Baraka Niliyompa Mwizi

Watu husema matapeli hawana adabu. Wangu alikuwa nayo tele. Aliniamkia kwanza, ndipo akaniibia.

Kwa msomaji anayenikuta leo kwa mara ya kwanza, nisikuchoshe. Jina langu ni Osmeira, ninasuka na kukata nywele barazani kwangu hapa Maracaibo, na kinywa changu kimeniponza kuliko pombe ilivyomponza marehemu mume wangu. Nina mtoto mmoja, Endry. Aliondoka kwenda kaskazini kwa miguu kama nusu ya vijana wa mtaa wetu, na msituni njiani akaporwa simu. Tangu hapo hunipata kwa kuazima simu za watu. Namba anayoijua kichwani ni moja tu duniani, nayo ni yangu.

Anaijua kwa sababu nilimwimbia. Alipokuwa mdogo tulikuwa tunakwenda kwenye sikukuu ya Chinita, Bikira wetu, na umati ule humeza watoto. Basi nikaitia namba yangu kwenye mahadhi ya sikukuu, nikamwimbisha tangu nyumbani mpaka kanisani, hata akaishika. Mpaka leo, ukimwambia aitaje, hawezi kuitaja bila kuiimba. Wenzake wa shule walikuwa wakimcheka.

Wiki iliyopita mliniacha nimeketi kwenye kiti cha wateja, simu mkononi, inaniambia kwamba namba yangu ya WhatsApp sasa inatumika kwenye simu nyingine. Mambo yalianza na ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Ulisema: "Baraka, madrina," yaani mama wa ubatizo.

Kwetu mtoto akiomba baraka humuulizi yeye ni nani. Unambariki kwanza, mengine baadaye. Ukinyamaza ni kama umemlaani, na akipatwa na jambo barabarani utalibeba wewe. Nami nikajibu kama ninavyowajibu wanangu wote, wa tumbo na wa ubatizo: "Mungu akubariki, mwanangu, na Chinita akufunike kwa joho lake." Halafu, kwa aibu ya kutomtambua, nikaongeza: "Ni wewe, Rixio?"

Akasema ni yeye, atakuwa nani mwingine. Rixio ni mtoto wangu wa ubatizo, yuko Lima. Yule mtu hakulijua jina hilo mpaka nilipompa mimi, tena bila kuombwa.

Akaniambia amenunua simu mpya, na kwamba kuna tarakimu sita zimekuja kwangu kwa makosa, nimrushie. Zilikuja kweli. Chini yake pameandikwa: usimpe mtu yeyote. Niliyasoma maneno hayo kwa sauti, mteja wangu akasikia. Nikajiambia, Rixio si mtu yeyote, Rixio nilimshika kichwa mimi siku alipomwagiwa maji ya ubatizo. Nikazituma.

Sasa tuendelee.

Wa kwanza kunijia alikuwa bwana Nerio, mchomeleaji vyuma wa mtaa wa pili. Alikuja na mkokoteni na kamba, amevaa shati safi, akasema amekuja kuchukua friza.

Nikamuuliza friza gani. Akacheka kidogo, maana mimi na yeye tumezoea kutaniana.

"Friza uliyoniuzia jana, Osmeira. Usinifanyie mizaha na jua lote hili."

Akanionyesha simu yake. Picha ni yangu, ile ya gauni la bluu niliyopigwa kwenye arusi ya mpwa wangu. Chini ya picha, mimi huyo huyo ninamwandikia kwamba nahama, nauza friza, kitanda na kiyoyozi kwa bei ya kutupa, atume hela kwa akaunti ya binamu yangu. Binamu mwenyewe simjui. Na yule mimi wa kwenye simu alikuwa mpole, kila sentensi anamwita Nerio "roho yangu". Mimi sijamwita mtu roho yangu tangu nimzike mume wangu.

Nikamweleza nimeibiwa namba. Aliniangalia muda mrefu, na kile kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Kila anayekula hela za watu siku hizi kaibiwa namba," akasema.

Angenitukana ningemjibu, maana matusi nayamudu. Hakunitukana. Aliusukuma mkokoteni wake mpaka mbele ya mlango wangu, akaufunga kwa kamba kwenye nondo za dirisha, akasema utakaa hapo mpaka friza itoke. Akaenda zake kwa miguu. Wateja wangu wa siku ile ikabidi wapite kwa ubavu, na kila mmoja aliuliza mkokoteni ni wa nini.

Wa pili alikuwa Ledis. Ledis ni komadre wangu, mama yake Rixio wa kweli, anakaa ng'ambo ya barabara. Nilidhani amekuja kunipa pole. Alikuwa amekuja kugomba. Alikuwa amezungumza na mwanawe kule Lima, na kijana ameapa kwamba hajaniandikia tangu Krismasi.

"Umemfanya mwanangu mwizi," Ledis akasema. "Mtaa mzima unasema Rixio kamwibia madrina wake."

Nikasema sikumfanya mimi, amefanya yule tapeli.

"Tapeli alisema baraka, basi. Jina ulilitaja wewe, komadre."

Nikamvutia kiti, nikamkuna kichwa kwa kitana kama anavyopenda, mpaka hasira ikampungua. Ledis ni mwepesi wa kuwaka lakini hajui kununa. Alipotulia akaniuliza swali ambalo mimi nilikuwa nalikwepa tangu asubuhi.

"Na Endry?"

Endry mara ya mwisho alinipigia kutoka Guatemala. Alikuwa anangoja kuvuka mto aingie Mexico, mji unaoitwa Tapachula. Alisema akifika tu ataazima simu aniandikie, nisiwe na wasiwasi. Kwa hesabu yangu alikuwa afike siku ile au kesho yake. Na akifika ataiandikia namba yangu, na namba yangu iko mikononi mwa mtu anayeuza friza zisizokuwepo.

Huko Tapachula kuna watu kazi yao ni kungoja wasafiri stendi. Wanatafuta kijana ambaye ana mama mahali fulani anayempenda. Wakimpata humfungia chumbani, humpigia mama. Hapa mtaani tunao wawili waliopigiwa, na mmoja wao mwanawe hakuonekana tena hata baada ya kuuza nyumba.

Ledis akasema kuna njia. Kanisani kwao kijana mmoja aliwafundisha kina mama: unaiomba tena namba yako, kampuni inakutumia tarakimu sita mpya kwa meseji ya kawaida, unaziingiza, na mwizi anatupwa nje papo hapo. Tukajaribu. Simu ikasema maombi yamekuwa mengi mno, tungoje. Mwizi naye alikuwa akiomba na kuomba, makusudi, ili mlango ubaki umefungwa. Tukangoja. Muda ulipokaribia kuisha, umeme ukakatika.

Nyie mnaosoma hii mahali penye umeme mtaona ni jambo dogo. Kwetu umeme ukikatika, mnara wa simu nao hufa muda si mrefu, na mnara ukifa hakuna meseji inayofika. Nilisimama katikati ya baraza na simu juu ya kichwa kama mtu anayekinga mvua. Hakikuja kitu.

Nilipoona ninakaribia kulia mbele ya Ledis, nikakumbuka jambo, na nikapata nguvu.

"Huyo mwizi hatamweza Endry," nikamwambia. "Endry akifika ataomba baraka. Na nyumba hii haibariki kama nyumba nyingine."

Ledis anajua. Wengine wetu hapa husema Mungu akubariki, basi. Mama yangu mzazi aliongeza la Chinita na joho lake, nami nikalirithi, na Endry hakuwahi kusikia baraka nyingine. Alipokuwa darasa la kwanza mwalimu wake alimbariki bila joho, akarudi nyumbani analia kwamba amepewa nusu. Basi nikamwambia Ledis: mwizi atajibu Mungu akubariki tupu, na mwanangu atajua hapo hapo kwamba anayemjibu si mama yake. Nikasema hiyo ndiyo kufuli yetu, na hakuna tapeli mwenye ufunguo wake.

Ledis akakubali kwamba ni kweli. Nikapika chakula, nikala, hata nikamtania kuhusu mumewe. Msomaji ambaye ameshaona nilipokosea, anisamehe. Mimi nilikuwa sijaona.

Kesho yake umeme ulikuwa bado. Mahali pekee penye mtandao ni duka moja barabara kuu, lina jenereta na intaneti yake, na mwenye duka huwaacha watu wakae ngazini mradi wanunue kitu. Meseji za kawaida hazifiki pale, lakini WhatsApp ya Ledis ilifanya kazi. Tuliketi ngazini, Ledis akaingia ndani kununua chupa moja ya malta tugawane. Simu yake akaniachia mimi. Njia nzima alikuwa akinionya nisithubutu kumwandikia yule mtu.

Nilimwandikia.

Nikaandika kwenye namba yangu mwenyewe, nikiitazama picha yangu mwenyewe na gauni la bluu, nikasema: wewe uliye na namba hii, mimi ndiye mwenyewe.

Jibu halikuchelewa. "Baraka, madrina."

Haki ya Mungu, vidole vyangu vilianza kuandika. Vilishafika "Mungu aku" ndipo nikavizuia.

Akanitumia ujumbe wa sauti. Nilitegemea sauti ya jambazi. Ilikuwa ya kijana, mtu wa hapa hapa, anavuta maneno kama sisi, na nyuma yake watu wengi wakiongea kwa pamoja na mlango wa chuma ukigongwa. Alisema nisimchukie, kila mtu ana kazi yake, na ile friza ningeisahau baada ya wiki. Alisema mimi ni mtu mwema, ilisikika katika kuandika kwangu.

Hapo nikafanya lile ninaloamka nalo kila siku. Nilidhani mtu akikuita mwema, basi ana mahali pa kuguswa. Nikaandika: chukua vyote, lakini namba hii ni ya mwanangu. Yuko njiani, hana simu, ana namba hii tu kichwani. Akikuandikia mwambie mama yake hayupo, usimwambie lolote lingine. Nakuomba, nawe umezaliwa na mwanamke.

Nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena.

"Sikujua una mtoto njiani, madrina. Pole sana. Anaitwa nani, nimtambue akija?"

Nikamwambia anaitwa Endry.

"Na anaelekea wapi?"

Nilikuwa nimeshaandika Tapachula, na nimeshaituma, Ledis alipotoka na chupa. Alisoma akiwa amesimama. Chupa akaiweka chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuiamsha.

"Nimemwomba tu," nikasema.

"Hukumwomba. Umempa," Ledis akasema. "Jana alikuwa na friza. Leo umempa mtoto."

Nikamwambia bado tuna kufuli. Nikamkumbusha baraka, joho, mwalimu wa darasa la kwanza. Niliongea haraka, na Ledis aliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, kama anavyonitazama daktari wa meno kabla hajasema.

"Komadre," akasema, "siku ile ya kwanza, alipokuandikia baraka, wewe ulimjibuje?"

Sikuhitaji kulitafuta jibu. Maneno yalikuwa kinywani mwangu, yote, mpaka joho. Ufunguo nilimpa mimi mwenyewe kabla hata hajaniomba tarakimu.

Sikulia. Watu walikuwa wakipanda na kushuka ngazi, wakituruka na mifuko yao ya mchele, na mtu mmoja aliniuliza kama foleni ya intaneti inaishia kwangu. Nikamwambia ndiyo. Ledis alijaribu kumwandikia yule kijana, akamtisha kwa polisi, akamtisha kwa Mungu, mwisho akamwita "mwanangu", akamsihi. Ikatokea tiki moja tu, haikuongezeka. Alikuwa ameshamzuia.

Umeme ulirudi asubuhi ya pili yake. Mtaa mzima ulipiga kelele kama kawaida, feni zikaanza kuzunguka, redio ya jirani ikaendelea palipokatikia. Nilikuwa namwosha mteja nywele. Simu ikatetemeka mezani, na tarakimu sita zikawa zimeandikwa pale, zimetulia, kana kwamba hazikuwa zikingojwa na mtu.

Mikono yangu ilikuwa na povu. Nilimwita Ledis kwa sauti ambayo hata Nerio, aliyekuwa amekuja kuutazama mkokoteni wake, akaingia naye. Ledis akaziingiza, tarakimu moja moja, akizisoma kwa nguvu. Mlango ukafunguka. Namba yangu ikarudi kwangu na mwizi akawa nje.

Ledis akanikumbatia na povu langu. Akanilazimisha papo hapo niweke namba ya siri ya pili, ile ambayo kama ningekuwa nimeiweka tangu zamani, yote haya yasingetokea. Nerio akasema anaanza kuniamini, lakini mkokoteni atauacha kidogo. Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu aje na kamba zake.

Halafu nikatazama ndani. Hamkuwa na kitu. Mazungumzo ya mwizi yote yalibaki kwenye simu ya mwizi. Kama Endry aliandika, kama alijibiwa, kutoka simu gani, sikuachiwa hata nukta. Nikajifariji kwamba, kama hajafika bado, sasa akifika atanikuta mimi.

Ndipo ukaingia ujumbe kutoka namba ya Mexico.

"We mwizi, usijisumbue. Mama yangu ameshaniambia kwamba leo mngeiteka namba hii. Yeye nimempata kwenye namba yake mpya, amenibariki kama anavyonibariki tangu nizaliwe, na joho lote, kwa hiyo hamnipati. Mlaaniwe nyie na friza zenu."

Ni Endry. Aliyezaliwa Maracaibo hawezi kuondoka bila kutukana kwanza, na matusi yale ameyatoa kwangu. Nilijisikia fahari kwa muda wa kupumua mara moja, halafu nikaelewa nilichokisoma. Yule mwizi aliona mbali. Alijua nitapata namba yangu, basi akamhamishia mwanangu kwingine, akamwambia atakayemwandikia kutoka hapa ni tapeli. Sasa tapeli ni mimi.

Kwa nini hakudai kusikia sauti, najua. Yule mama bandia atakuwa alimwambia umeme umekatika, mtandao ni dhaifu, sauti haipandi. Mtoto wa Maracaibo atabisha nini?

Nikabonyeza, nikasema kwa sauti: "Endry, ni mimi, mama yako, usiende na mtu yeyote, nipigie." Nikautuma. Tiki moja. Nikautuma tena. Tiki moja. Ameshanizuia, kama alivyofundishwa, kama nilivyotakiwa mimi kumzuia yule wa kwanza. Nimemlea mtoto mwenye akili kuliko mimi, na akili yake ndiyo inayompoteza.

Ledis alikuwa ameshaichukua ile namba, anapiga kwa simu yake. Ikaita. Ikaita tena. Mteja wangu alikuwa amesimama katikati ya baraza, nywele zinachuruzika maji, hakuna aliyemkumbuka.

Akapokea mwanamke. Nikaipokonya simu, nikaomba niongee na Endry.

"Simu ni yangu, mama," akasema. "Mimi nauza tamale hapa stendi. Kijana nilimwazima tu, alikuwa hajala."

Nikamuuliza yuko wapi.

"Ameondoka sasa hivi. Mama yake ametuma watu waje kumchukua, ana ndugu zake hapa mjini. Wanaume wawili, wapole kabisa. Na tamale wamemlipia."

Nikamwambia mama yake ni mimi. Nikasikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa, na matangazo ya mabasi nyuma yake.

"Kijana alisema mtapiga," akasema polepole. "Alisema atapiga mwanamke, atadai ni mama yake, atalia."

Nilikuwa nalia.

"Bado unawaona?" nikamuuliza.

Akasema bado, wako pale getini, mmoja anamfungulia mlango wa gari. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusadiki lakini anaogopa, akimwita, amwambie nani anamtaka. Amwambie neno gani, kijana aamini.

Nikafungua kinywa. Jina langu mwizi analo. La Rixio analo. Picha yangu, mji wangu, mwanangu anakoelekea, baraka ya mama yangu na joho lake, vyote nimempa kwa mkono wangu, na kila nilichotaka kusema kilikuwa kimeshasemwa na yeye kabla yangu, tena kwa upole kunizidi. Ledis alinishika bega. Nerio alikuwa amevua kofia.

Namba ile mwizi anayo. Lakini hajui inavyoimbwa.

"Usimwambie kitu," nikasema. "Kimbia, dada yangu. Kimbia uishikilie simu hiyo sikioni mwake, basi."

Sikusikia kama amekubali. Nilisikia sufuria ikianguka, na viatu vyake vikipiga sakafu, na pumzi zake. Nami nikaanza kuimba, tarakimu kwa tarakimu, kwa yale mahadhi ya sikukuu, kwa sauti yangu hii iliyokauka, mbele ya Nerio na mteja na mtaa mzima uliokuwa umejaa dirishani.

Nilikuwa nimefika katikati ya namba niliposikia, mbele ya zile pumzi, gari likiwashwa.